Uvunaji wa maji ya hewani kwa ubaridi wa ardhini

Uvunaji wa maji ya hewani kwa ubaridi wa ardhini ni njia ya kupata maji kwa kupitisha hewa yenye unyevu kwenye bomba au chumba kilichofukiwa, ili ipoe na mvuke wake ugeuke matone. Kwa kuwa haihitaji mafuta wala umeme mwingi, njia hii huwavutia wanaotafuta maji kwa ajili ya vijiji vya mwambao wenye joto na hewa nzito, mfano wa Makurunge, kata ya Wilaya ya Bagamoyo iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo–Msata. Hata hivyo, kwenye mwambao huo njia hii haifai. Hewa ina maji tele. Tatizo ni udongo, ambao haupoi vya kutosha kuyatoa.

Inavyofanya kazi

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 22 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipozwa, huanza kutoa umande ifikapo nyuzijoto 24, na ikishuka hadi 20 hudondosha gramu 4 au 5 tu. Kwa hesabu hiyo, kujaza ndoo moja ya lita 20 kunahitaji zaidi ya mita za ujazo 4,000 za hewa, na yote ipoe sawasawa.

Jambo la pili husahauliwa zaidi. Mvuke unapogeuka maji huachia joto, na kwa ndoo hiyo moja joto lenyewe ni sawa na uniti 13 hadi 14 za umeme. Lote huingia kwenye udongo unaozunguka bomba. Udongo husafirisha joto polepole mno, hivyo nao hupata moto, na matone hupungua siku hadi siku.

Historia

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa misitu Friedrich Zibold aliona marundo ya mawe kwenye vilima vya Feodosia, Crimea, akaamini kuwa watu wa kale waliyajenga ili kukamata umande. Mwaka 1912 alijenga rundo lake la kokoto za ufukweni juu ya sakafu yenye umbo la bakuli, upana wa mita 20 na kimo cha mita 6. Inasimuliwa kuwa lilitoa hadi lita 360 kwa siku, lakini sakafu ikavuja na kazi ikaachwa mwaka 1915. Marundo ya kale yalikuja kubainika kuwa ni makaburi.

Ufaransa ililipokea wazo hilo kwa shauku. Léon Chaptal alijenga piramidi ndogo karibu na Montpellier mwaka 1929. Mbelgiji Achille Knapen naye akasimamisha mnara mnene wa mawe, kimo cha mita 14, katika kijiji cha Trans-en-Provence mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mnara huo, ambao bado upo, ulitarajiwa kutoa maelfu ya lita; katika usiku wake bora ulitoa kiasi cha ndoo ndogo. Mawe mengi kiasi hicho hutunza joto la mchana, na alfajiri bado hayajapoa.

Wazo hilo lilirudi kwa sura mpya, ya mabomba ya ardhini, mwaka 2011, pale Edward Linacre, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Melbourne, aliposhinda Tuzo ya James Dyson kwa chombo alichokiita Airdrop. Feni inayozungushwa na upepo husukuma hewa chini ya ardhi, na maji hukusanyika kwenye tangi la chini. Chombo chake cha majaribio kilitoa lita moja hivi kwa siku. Mwaka 2016 kilitangazwa chombo kingine cha aina hiyo, WaterSeer cha Marekani, kwa ahadi ya lita 37 kwa siku. Wataalamu walipiga hesabu ya joto iliyoelezwa hapo juu na kuipinga ahadi hiyo.

Mwambao wa Bagamoyo

Kuanzia mita chache chini ya uso wa nchi, joto la udongo halifuati tena usiku na mchana, wala kusi na kaskazi. Hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima. Kusini mwa Ufaransa wastani huo ni nyuzijoto 14 au 15, hivyo hewa nzito ya kiangazi hukuta ardhi iliyotunza ubaridi wa majira yaliyopita. Bagamoyo haina majira ya baridi ya kutunza. Wastani wake ni kama nyuzijoto 26, ilhali hewa yake kwa sehemu kubwa ya mwaka haitoi umande mpaka ishuke chini ya 24. Hewa ikipitishwa ardhini itapoa kidogo, kisha itatoka na mvuke wake wote. Anayeteka maji ya kisima alfajiri mwambaoni anaijua hali hii kwa mkono: maji hutoka vuguvugu.

Kwamba maji yamo hewani huonekana kwenye kila ukuta wa Dar es Salaam wenye kiyoyozi. Mpira mwembamba hudondosha maji mchana kutwa, na watu huweka ndoo chini yake wapate ya kudekia. Chuma cha ndani ya kiyoyozi kina ubaridi ambao ardhi ya pwani haina, lakini ubaridi huo hununuliwa kwa umeme.

Kwingineko

Njia nyingine za kupata maji ya hewani zimejaribiwa pia. Oman ilijenga banda la kilimo lililopozwa kwa maji ya bahari karibu na Muscat mwaka 2004, na huko Dhofar ukungu wa msimu wa khareef umejaribiwa kuvunwa kwa nyavu. Nchini Kenya, Beth Koigi na wenzake walianzisha Majik Water, kampuni ya kuvuna maji ya hewani, mwaka 2017. Mitambo yao haitegemei ubaridi wa ardhini.

Hali ya sasa

Maji ya ukanda huu hutoka mito ya Ruvu na Wami, visimani na mvua. Mtambo wa Ruvu Chini, uliopo Bagamoyo na kujengwa mwaka 1976, una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, sehemu kubwa ikienda Dar es Salaam. Katika magofu ya Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, kisima cha wakazi wa kale bado kipo.

Mvua ya Bagamoyo ni milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Paa la bati la mita 50 za mraba hupokea lita 50,000 katika masika, vuli na manyunyu ya katikati. Hata theluthi ikipotea, zinabaki lita 33,000. Kwa kaya ya Makurunge yenye fedha za mradi mmoja tu, mfereji wa bati na tangi vitaleta maji mengi kuliko bomba lolote la kufukia.