Faini, Ruzuku na Bei

Maji ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hayafiki baharini. Yanayotoka msitu wa Nou na miinuko ya jirani huishia Ziwa Manyara, bonde la Yaeda au Ziwa Eyasi. Ya mlima Hanang hutuama Balangida. Fedha za mazingira, hata hivyo, hupanda huku kwa njia ile ile zinayopita Pwani: andiko la mradi, mfadhili, mkataba, ripoti. Zikifika zinawakuta watu ambao tangu zamani wana majibu yao kwa swali hili: ardhi ikiumizwa, nani alipe na nani aamue? Wilaya hizi mbili zimeonja majibu matatu.

La kwanza ni faini. Kwa Wabarabaig wa Hanang, mwanamume akivunja haki za mwanamke, wanawake huitana, huketi na kusikiliza shauri, na mkosaji hutozwa dume jeusi la ng'ombe. Akikaidi, laana inamsubiri. Mabaraza mengine yalilinda malisho kwa mtindo huo huo. Muhajega, yaani mabonde yenye majani bora, hayakuruhusiwa kujengwa boma, na aliyekiuka alijibu mbele ya wenzake. Wairaqw wa Mbulu wanaanzia kwingine. Chemchemi zina netlang'w, pepo wa maji, na uchafu wa mtu mmoja waweza kuiangukia aya nzima, yaani eneo lote la jamii. Ndiyo maana wazee hushughulikia utakaso wa nchi kabla ya kumshughulikia mtu. Mbarabaig anamtafuta mkosaji, Mwiraqw anaitazama ardhi iliyochafuka. Wanakutana mahali pamoja: aliyeumia ndiye anayeketi kuamua.

Jibu la pili, ruzuku, lilikuja na ngano. Kuanzia miaka ya 1970 Canada ilisaidia shirika la umma la NAFCO kufungua mashamba saba katika nyanda za Basotu, jumla karibu ekari laki moja. Zililetwa trekta na mashine za kuvunia, wakaja na wataalamu wa kilimo cha nyanda za Canada. Muhajega ndiyo iliyolimwa kwanza, kwa kuwa udongo wake ndio bora. Makaburi ya wazee, bung'eda, yakapitiwa na majembe ya trekta. Udongo uliobaki wazi ukakatwa na makorongo mvua zilipokuja. Fedha zilikuwa msaada kweli, na ngano ilivunwa kweli. Ila hakuna baraza lolote la Wabarabaig lililoulizwa.

Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile, wala wadai hawakuthibitisha kuwa ni wazawa kwa maana ya sheria. Watu waliozika baba zao pale walitakiwa kuonyesha kwamba ni wa pale. Linganisha na Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaifuta mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Huko faini ya barazani ilipata sura ya kisasa, japo baada ya miaka ya kuhangaika.

Ruzuku ina wepesi ambao mahakama haina: hutolewa bila mtu kukiri kosa. Uamuzi ulioambatana na Mkataba wa Paris wa 2015 ulitamka wazi kwamba kipengele cha hasara na uharibifu hakileti dhima wala fidia. Mfuko wenyewe wa hasara na uharibifu uliidhinishwa kuanza kazi Dubai tarehe 30 Novemba 2023, siku ya kwanza ya mkutano wa tabianchi wa COP28. Siku tatu baadaye, Rais Samia akiwa huko huko Dubai, sehemu ya mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka, na tope likazikumba Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu 89 walikufa. Michango ikaja, na nyumba za walionusurika zikajengwa Waret, jina lile lile la mojawapo ya mashamba saba ya ngano.

Kinachotolewa kwa hiari huondolewa kwa hiari pia. Marekani ilianza kutoa ruzuku ndogo za haki ya mazingira mwaka 1994; mwaka 2025 serikali mpya ikafuta nyingi, na jamii za huko hazikuwa na baraza la kumwita mtoaji.

Jibu la tatu ni bei. Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao. Baada ya hapo wakaanza kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na misitu, na mapato yakalipa walinzi wa msitu, matibabu na karo. Gazi, Kwale nchini Kenya, wavuvi na majirani zao wanafanya vivyo hivyo na mikoko tangu 2013, chini ya viwango vile vile vya hewa ya ukaa vya Plan Vivo. Bei ina kasoro yake: mnunuzi hupata ruhusa ya kuendelea kufuka moshi, na soko likishuka mlinzi wa msitu hukosa mshahara. Lakini angalau Mhadzabe anaingia kwenye mapatano akiwa na cha kukataa.

Hapo ndipo Basotu na Yaeda zinapotengana. Basotu fedha zilitangulia na haki ya ardhi haikufika. Yaeda hati ilitangulia fedha. Kwa hiyo mfadhili anayekuja Manyara kwa jina la haki ya mazingira, hata akiwa na nia safi, aulizwe kwanza kama ardhi ya wanaosaidiwa imepimwa na kuandikwa kwa jina lao, na kama mkataba unawapa wanawake na wazee uwezo wa kumwita barazani akienda kinyume. Akikosa jibu, tujue anachokileta ni hisani. Hisani si vibaya kuipokea, mradi tusiiweke kwenye vitabu kama deni lililolipwa.