Panya, pombe na arosto: dawa ya wasiwasi inapimwaje?

Hapa mpakani Tunduma pombe haina saa, na kijiweni kila ugonjwa una daktari wake. Jamaa yangu mmoja akikosa pombe siku moja tu mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anahisi kuna mtu anamfuata. Kijiweni wakamwambia: "Meza diazepamu, utatulia." Nikaona nichimbe: watafiti wanajuaje kama dawa inatuliza wasiwasi wa arosto ya pombe?

Wanaanza na panya wa maabara. Wanawapa pombe siku kadhaa au wiki, halafu wanaikata ghafla. Saa chache baadaye, panya anawekwa kwenye njia panda ya ubao yenye umbo la alama ya kujumlisha, imeinuliwa kama sentimita 50 kutoka sakafuni. Njia mbili zina kuta, mbili ziko wazi. Mwenye hofu anajibanza kwenye kuta, aliyetulia anatoka kuchungulia. Wanamwangalia kwa dakika 5. Kipimo hiki kilithibitishwa kwa panya mwaka 1985.

Panya wanagawanywa makundi: ambao hawakunywa kabisa, waliokunywa wakachomwa sindano ya maji ya chumvi tu, na waliokunywa wakapewa dawa. Kundi la tatu likitoka nje zaidi ya la pili, kuna dalili dawa inafanya kazi. Ila dawa inaweza pia kumlegeza panya akasinzia tu, ndio maana wanapima na mwendo wake wote.

Arosto inatoka wapi? Pombe inaipa nguvu GABA, kemikali ambayo ni breki ya ubongo. Ukinywa kila siku, ubongo unalegeza breki na kukanyaga mafuta ili mambo yalingane. Pombe ikikatika, lori limebaki na mafuta bila breki. Diazepamu, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1963, inaisaidia GABA hiyohiyo.

Hatari iko hapo. Ukiimeza huku umelewa, breki zinakanyagwa mara mbili, pumzi inaweza kukata. Na mnywaji wa kila siku akiacha ghafla peke yake anaweza kupata degedege. Hospitali wanaitumia kweli diazepamu kwa arosto, ila kwa dozi iliyopimwa, mgonjwa akiangaliwa, na inapunguzwa taratibu.

Jamaa yangu tulimpeleka hospitali. Kama una ndugu wa hivyo, usimwachie daktari wa kijiweni. Naomba kuwasilisha, maoni ruksa.