Bamba Lililopindwa: Kutoka Reli hadi Kamukunji

Aprili 1909, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipanda garimoshi Mombasa kuelekea bara. Sehemu ya safari hiyo hakukaa ndani ya behewa. Aliwekewa kiti mbele kabisa ya injini, juu ya kinga ya vyuma vilivyoinama inayotangulia magurudumu, ili atazame wanyama wa nyika. Winston Churchill naye alikuwa amesafiri hivyo hivyo mwaka 1907. Kinga hiyo haikuundwa kwa ajili ya wageni. Ng'ombe au nyumbu akisimama njiani, chuma kilichoinama kilimsukuma kando kabla hajaingia magurudumuni na kuling'oa garimoshi relini.

Umbo hilo hilo leo linapiganiwa ulingoni. Mashindano ya roboti za kupigana yalifanyika San Francisco mwaka 1994, na mwaka 1998 yakafika kwenye runinga ya BBC nchini Uingereza. Mitambo huongozwa kwa rimoti. Mingine hubeba nyundo, mingine misumeno, mingine vyuma vizito vinavyozunguka kwa kasi ya kutisha. Dhidi ya chuma kinachozunguka, wajenzi wengi hufunga mbele bamba lililopindwa mfano wa beleshi, ncha yake ikiburuta sakafuni. Pigo likilifikia, halipati ukingo wa kung'ata. Hupanda na mpindo, likapotea hewani, na mara nyingi ni yule mwenye silaha anayerushwa. Bamba lenyewe likipita chini ya mpinzani, magurudumu yake huachana na sakafu, naye akawa hana nguvu tena. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo silaha yenye akili kuliko zote, kwa sababu hutumia nguvu za adui.

Nimeufuata mkondo wa bamba hili kwa miguu, nikianzia Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, nikashika barabara ya Landhies kuelekea Eastlands. Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 walikuwa wameletwa kutoka India kuijenga. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki, pamoja na waliowafuata baadaye, walifungua karakana na maduka. Muthurwa, pale ambapo matatu na wauza mitumba wanasukumana leo, zilikuwepo nyumba za wafanyakazi wa reli. Mkono wa kushoto ni soko la Gikomba, na mbele kidogo ni uwanja wa Kamukunji, ule wa mkutano wa Saba Saba wa kudai vyama vingi, 7 Julai 1990. Ukiusogelea uwanja huo unasikia nyundo kabla hujamwona fundi hata mmoja.

Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu fundi Mwafrika, alionyesha jinsi ujuzi wa chuma ulivyotoka kwa Wahindi ukaingia kwa Waafrika: kijana aliajiriwa, akatazama, akashika kifaa, halafu akatoka kwenda kujitegemea. Debe la mafuta ya taa likawa koroboi. Pipa kuukuu likawa karai. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliwatetea watu hawa wakati ambapo serikali za miji ziliwaona kama uchafu wa kufagiwa. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda, maana walikuwa wakifua chuma juani, na jina la jua kali walilipata kwa haki.

Simama utazame karai linavyozaliwa. Bati hukatwa duara kwa patasi, likawekwa juu ya shimo au kipande cha chuma kizito, kisha nyundo ikaanza pembeni ikizunguka kwenda katikati, pigo dogo baada ya pigo dogo. Bati ambalo ungelikunja kwa mikono miwili sasa linabeba zege ya ghorofa nzima, siku baada ya siku. Unene haukuongezeka. Kilichoongezeka ni mpindo, kwani chuma kilichobonyea hakikunjiki tena bila kuvutwa au kubanwa, na hilo linataka nguvu nyingi. Halafu ukingo hukunjwa juu ya waya ili usipasuke. Beleshi, toroli na kichoteo cha unga dukani vyote vimesimama juu ya kanuni hiyo moja, na mjenzi wa roboti huko ng'ambo anaitegemea vile vile.

Tofauti ipo, na ni vizuri isemwe. Roboti za kilo 110 huvaa chuma kigumu maalumu, cha aina kama Hardox ya Uswidi, na chuma hicho hakifinyangwi kwa nyundo ya mkono. Lakini yapo mashindano ya roboti zisizozidi kilo moja na nusu. Kwa uzito huo, fundi wa Kamukunji anaweza kupinda bamba lenye umbo sahihi, na likibonyea akalinyoosha siku hiyo hiyo. Huduma hiyo haipatikani kwa kuagiza kifaa kutoka Shenzhen, China.

Shule za sekondari msingi sasa zinafundisha somo la awali la ufundi, na vijana wa mitaa ya Umoja, Kayole na Dandora wanaunganisha mota na betri kwa hamu kubwa. Ninachoona kikikosekana ni mtu wa kuwavusha barabara hadi kwa mafundi. Mwalimu, siku roboti ya wanafunzi wako itakapohitaji uso wa mbele, usiwaache wabandike plastiki. Wachoree mpindo kwenye karatasi ngumu, wapeleke Kamukunji, mlipe fundi kwa saa zake kama unavyomlipa mkufunzi yeyote, na waache washike nyundo mbele yake.