Ruzuku ya kilimo Unguja: mkulima anapata nini hasa?

Agosti 8, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku kwenye Nane Nane mjini Mbeya. Serikali ilitenga Sh150 bilioni, na mkulima aliyesajiliwa akanunua mfuko wa DAP au urea kwa takriban Sh70,000, wakati sokoni DAP ilishavuka Sh100,000. Unguja watu wakauliza: na sisi je?

Mpango ule ulikuwa wa Bara tu. Kilimo si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina wizara yake ya kilimo na bajeti yake, inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Namba ya usajili ya Bara haimsaidii kitu mkulima wa Cheju.

Pesa mkononi? Hapana

Ukisikia "ruzuku" usifikirie bahasha wala muamala kwenye simu. Unguja msaada mkubwa huja kama punguzo: serikali hulipa sehemu ya gharama ya mbegu, mbolea, dawa ya magugu na trekta la kulimia na kuburugia, mkulima anamalizia iliyobaki.

Zaidi ni kwa mpunga, kwenye mabonde kama Cheju, Kibokwa, Mtwango, Chaani na Kilombero (hii ya Unguja, si ile ya Morogoro). Sababu iko sahanini. Wazanzibari wanakula wali kila siku, lakini mchele mwingi unaingia kwa meli, ukiwemo ule wa mapembe. Bei ikipanda huko unakotoka, Darajani inajulikana haraka.

Punguzo la aina hii lina tabia yake: linafuata eka. Anayelima eka tano anafaidi mara tano ya mwenye eka moja, hata kama huyo wa eka moja ndiye mwenye shida zaidi. Na linategemea muda. Trekta likifika bondeni mvua za masika zimeshakolea, nafuu ya bei haina maana tena, maana mbegu imechelewa kuingia ardhini. Kwa mkulima wa kutegemea mvua, wiki mbili ni nyingi mno.

Karafuu ni hesabu nyengine

Hapa mkulima analipwa pesa kweli, lakini kwa kuuza. Mnunuzi halali ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoanzishwa 1968. Sera ni mkulima kupata asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Mfano tu: kilo ikiuzwa Sh20,000, yake ni Sh16,000.

Ruzuku inaingia pale bei ya dunia inaposhuka. Katika awamu ya Dk. Ali Mohamed Shein, karafuu ya daraja la kwanza ilibaki Sh14,000 kwa kilo kwa miaka kadhaa, soko lipande lishuke. Likishuka, pengo linabebwa na shirika. Likipanda sana, mkulima ndiye anayeona amepunjwa, na hapo ndipo magendo ya kwenda pwani ya Kenya yanapopata wateja. Enzi ambazo mkulima alipewa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, magendo yalishamiri.

Pesa hizi lakini nyingi zinakwenda Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza. Kwa anayetaka kurudisha shamba, serikali imekuwa ikigawa miche ya mikarafuu bure, ingawa mche huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri.

Pa kuanzia

Mkulima wa mpunga aanze kwa bwana shamba au bibi shamba wa eneo lake, au kwa sheha, kabla ya msimu. Aulize mambo matatu: trekta linapangwa lini, eka inalipiwa kiasi gani msimu huu, na mbolea inachukuliwa wapi. Akishalipa, aombe risiti.