Kumtafuta babu wa Ayalandi baada ya moto wa 1922

Ukitaka kujua kwa nini data zote haziwekwi mahali pamoja, waulize Waayalandi. Tarehe 30 Juni 1922, siku chache tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, hifadhi ya kumbukumbu za serikali pale Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuungua. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea karibu zote. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sensa kamili ya zamani kabisa iliyobaki ni ya 1901.

Sasa mjukuu wa mtu aliyekimbia njaa mwaka 1847 akapanda meli kwenda Marekani ataanzia wapi? Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo vyote mwaka 1864. Kabla ya hapo, ni kanisani.

Na hapa pana kichekesho kichungu. Vitabu vya Kanisa la Kianglikana vilihesabiwa kuwa mali ya umma, kwa hiyo vingi vilipelekwa Dublin vikahifadhiwe salama. Vikaungua. Vya Wakatoliki havikuitwa na mtu, vikabaki kwa mapadre vijijini, vikapona! Maktaba ya Taifa ilivipiga picha, na Julai 2015 ikaziweka picha hizo mtandaoni bure. Usitarajie maandishi mazuri. Mengine ni ya Kilatini, James ameandikwa Jacobus na William ni Gulielmus. Lakini usiwapuuze wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi ni shangazi na wajomba.

Upande wa ardhi kuna kazi ya Richard Griffith, ya kati ya 1847 na 1864. Alikuwa anakadiria thamani ya mashamba na nyumba ili watu watozwe kodi, basi, hakuwa na habari na ukoo wa mtu. Orodha yake inataja mkazi, aliyemkodisha, ukubwa na thamani. Mke na watoto hawamo. Ila kwa kuwa sensa haipo, ndiyo imekuwa sensa. Pale kijiji kilipokuwa na akina John Ryan wawili, waliongeza jina la baba au la utani kwenye mabano, jambo ambalo wengi wetu tunaounda hifadhidata bado hatujajifunza.

Kuhusu kutafuta majina, wengi hutumia Soundex, mbinu ya kugeuza sauti ya jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu. Ijaribu kwa O'Brien: unapata O165. Brien inakupa B650. Ni ukoo uleule, wengi waliiacha hiyo O' kisha wajukuu wakairudisha, lakini kompyuta itakuapia kwamba hawajuani. Ondoa O' na Mac kwanza, tafuta mara mbili.

Ukishampata kwenye orodha ya Griffith, nenda kwenye vitabu vya marekebisho vilivyofuata. Karani alikata jina la mkazi wa zamani, akaandika la mpya kwa wino wa rangi nyingine pamoja na mwaka. Mwaka huo ndio wa kuanza kutafutia kaburi, au meli.