Chujio la Hewa: Eya Klina, Mbadala na Bandia

Omba "chujio la hewa" kwenye duka la spea za pikipiki Kariakoo. Muuzaji atakuelewa, ila atakujibu kwa jina lake mwenyewe: "Eya klina ya Boxer au ya TVS?" Wapenda Kiswahili sanifu hulidharau jina hilo la gereji, na hawalitendei haki. Vitabu vya matengenezo vya Honda hukiita kifaa hiki kwa jina hilohilo, yaani kisafisha hewa. Ndivyo kinavyoitwa pia katika ISO 5011, kiwango cha kimataifa cha kuvipima vifaa vya aina hii.

Kwa maana hiyo pana, eya klina ni kitu kizima: boksi, mfuniko wake, mpira unaoliunganisha na kabureta, na kile kipande cha karatasi au sponji kilichomo ndani. Kipande hicho ndicho kinachochuja, na ndicho kinachouzwa dukani. Tukikiita chujio, na boksi zima tukaliachia mafundi waliite eya klina, tutakuwa na maneno mawili kwa vitu viwili. Sioni haja ya kulifuta mojawapo.

Chujio limetokana na kuchuja, na kitenzi hicho kinafaa hapa kuliko kusafisha. Anayechuja tui anajua kwamba machicha yakishatanda, tui hupita polepole lakini hupita safi zaidi. Chujio la pikipiki nalo liko hivyo. Likiwa jipya kabisa hupitisha vumbi kidogo. Likishapata utando mwembamba wa vumbi, utando wenyewe husaidia kunasa chembe ndogo zaidi, mpaka siku linapojaa na kuibana injini pumzi. Ndiyo maana kulikung'uta kila siku, au kulipulizia kompresa kila jioni kama wafanyavyo wengi vijiweni, si utunzaji. Upepo wa kompresa unaweza kuipasua karatasi, na tundu dogo linatosha kuharibu kazi yote. Honda wao wanakataza kabisa kuyapuliza machujio yao ya karatasi yenye mafuta ya kunasia vumbi: yakijaa, yanabadilishwa.

Kazi yenyewe si ndogo. Lita moja ya petroli huhitaji takribani lita 9,000 za hewa ili iungue vizuri. Katika kiangazi cha Dodoma au Singida, nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, hewa hiyo imejaa chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikichanganyika na oili zinakuwa msasa. Ringi zinalika, kompresheni inashuka, injini inaanza kula oili na kutoa moshi, na mwenye pikipiki anailaumu oili.

Sasa tuje kwenye neno gumu. Kuna machujio yanayotengenezwa na kampuni isiyo mtengenezaji wa pikipiki wala mzabuni wake, yakauzwa kwa jina la kampuni hiyo yenyewe. Kiingereza kina neno moja la biashara hii; sisi tumebaki na "orijino" na "feki", na kila kisicho cha kwanza kinasukumwa kwenye la pili. Si haki, na kunamtia mnunuzi hasara. Napendekeza kipuri mbadala kwa kile kinachojitambulisha kwa jina lake, na kipuri bandia kwa kile kilichovaa jina la mwingine. Bandia ni kosa la jinai. Kenya ina sheria yake ya bidhaa bandia tangu 2008, na Tanzania kazi ya kuzidhibiti inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Mbadala ni biashara halali, na wakati mwingine ni bora kuliko kile cha kiwandani. K&N wa Marekani na Twin Air wa Uholanzi wamejenga majina yao humo humo.

Machujio mbadala nayo si ya aina moja. Yapo ya karatasi, yanayochuja vizuri na kutupwa yakijaa. Yapo ya sponji, yanayooshwa na kupakwa mafuta maalumu. Haya ndiyo chaguo la wengi wanaoendesha kwenye mchanga, lakini sponji kavu isiyopakwa mafuta ni sawa na mlango wazi. Yapo ya pamba iliyopakwa mafuta, ghali, yanayouzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu. Kwa injini ya cc 150 iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, ahadi hiyo usiilipie. Mtengenezaji alishapima hewa, jeti ya kabureta na sailensa vifanye kazi pamoja. Ukiongeza hewa bila kugusa jeti, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha na injini inapata joto kupita kiasi. Anayeng'oa boksi zima na kufunga koni ya wazi kwa ajili ya mlio anajiletea matatizo hayo hayo, na mvua juu yake.

Dukani, inua chujio la karatasi ulielekeze kwenye mwanga, au washa tochi ya simu nyuma yake. Mwanga unaopenya kwa usawa hauna neno. Nukta inayong'aa ni tundu. Angalia mikunjo: iwe imenyooka, na gundi imeshika ncha zote. Kisha bonyeza mpira wa ukingoni. Uwe laini, urudi ulivyokuwa, usiwe na kiungo kilichoachia. Hapo ndipo machujio ya bei rahisi hushindwa zaidi kuliko kwenye karatasi, kwani hewa ikikuta njia rahisi pembeni itapita humo.

Baada ya wiki chache za kazi, fungua boksi, toa chujio, upitishe kitambaa cheupe ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta. Kikitoka na vumbi, chujio limeshindwa, hata pakiti yake iwe imeandikwa nini. Unapokwenda kununua lingine, nenda na la zamani mkononi, uyalinganishe kimo, upana na ukingo. Ukingo usipolingana, liache dukani hata kama ni nusu bei.