Kusoma Neno la Mungu kwa Sala: Mwongozo wa Lectio Divina kwa Familia na Jumuiya Ndogondogo

Katika utume wetu parokiani na vigangoni, lipo swali ambalo waamini hutuletea mara kwa mara, hasa baada ya maungamo au mwishoni mwa mafungo: "Padre, mimi nasali kila siku, mbona najiona nimesimama palepale?" Anayeuliza hivyo kwa kawaida si mlegevu. Anahudhuria Misa Takatifu, anasali Rozari, yumo katika chama cha kitume, na simu yake imejaa novena alizotumiwa na ndugu na marafiki. Kumjibu kwa kumwongezea novena nyingine ni kumtwisha mzigo bila kumtibu. Mara nyingi mwamini huyu hakupungukiwa na maneno ya kumwambia Mungu. Amekosa nafasi ya kumsikiliza.

Jambo hili lina uzito wake. Mkristo asiyezoea kuisikia sauti ya Mchungaji katika Maandiko hutikiswa kirahisi na sauti nyingine yoyote. Likija gonjwa lisiloeleweka, ndoa ikiyumba au biashara ikianguka, atamkimbilia yeyote anayeahidi muujiza wa haraka. Ndiyo sababu tunapenda kuwakumbusha waamini hazina ya kale ya Kanisa iitwayo kwa Kilatini *lectio divina*, yaani kusoma Neno la Mungu kwa sala. Hazina hii haihitaji fedha nyingi wala elimu ya juu.

Asili yake katika Kanisa

Mazoea ya kusoma Maandiko kama mazungumzo na Mungu yana mizizi katika Agano la Kale, na yalienea mapema katika Kanisa. Katika karne ya 3, Orijene alimwandikia mwanafunzi wake Gregori akimsihi adumu katika usomaji huo, asitegemee juhudi ya akili peke yake, bali aombe pia afunguliwe mlango. Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48 ya Kanuni yake, aliwapangia watawa saa za kazi za mikono na saa za kusoma mambo ya Mungu. Aliagiza pia kwamba wakati wa Kwaresima kila mtawa apewe kitabu kimoja na kukisoma chote kwa utaratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Urithi huo wa Kibenedikto ulifika kwetu Tanzania pamoja na wamisionari walioanzisha Peramiho mwaka 1898, na unaendelea katika monasteri zetu hadi leo.

Katika karne ya 12, mtawa Mkartusi Guigo wa Pili alimwandikia rafiki yake barua akiufananisha usomaji huu na ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli. Alieleza kwa mfano wa chakula: anayesoma hutia tonge kinywani, anayetafakari hulitafuna, anayesali huonja ladha yake, naye aliyefika kwenye taamuli hufurahia utamu wenyewe.

Kwa muda mrefu hazina hii ilionekana kuwa ya watawa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Dei Verbum* ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 25, uliwahimiza waamini wote kuyasoma Maandiko mara kwa mara. Hapo Mababa wa Mtaguso walirejea fundisho la Mtakatifu Yeronimo kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristo, wakaongeza kuwa usomaji huo uandamane na sala. Kuanzia mwaka 1980, Kardinali Carlo Maria Martini, Askofu Mkuu wa Milano, aliwafundisha maelfu ya vijana kusali kwa namna hii katika kanisa kuu la jimbo lake. Baadaye Papa Benedikto wa XVI, katika Wosia wa Kitume *Verbum Domini* wa mwaka 2010, namba 87, alizieleza hatua zote, akakumbusha kwamba zoezi halijakamilika mpaka lizae matendo ya upendo. Naye Papa Fransisko, tarehe 30 Septemba 2019, aliitenga Dominika ya Tatu ya Mwaka iwe Dominika ya Neno la Mungu.

Hatua zake, kwa mfano wa Bartimayo

Ili tusibaki katika nadharia, tuchukue Injili ya Marko 10:46-52, ambapo Yesu anamponya kipofu Bartimayo karibu na Yeriko. Kabla ya kuanza, tuchague mahali patulivu, tuzime simu, tufanye ishara ya msalaba na kumwomba Roho Mtakatifu atufungue masikio.

*Kusoma.* Hapa tunajiuliza: andiko lenyewe linasema nini? Tulisome polepole mara mbili au tatu, ikiwezekana kwa sauti. Tuangalie nani yupo, nani anasema, nini kinabadilika. Bartimayo ameketi kando ya njia akiomba. Umati unamkaripia anyamaze. Yeye anazidi kupaza sauti. Yesu anasimama na kuagiza aitwe. Kipofu analitupa vazi lake, anainuka na kumwendea. Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Mwishoni aliyeketi kando ya njia anamfuata Yesu njiani, na njia hiyo inaelekea Yerusalemu, kwenye msalaba. Tusiiharakishe hatua hii, kwa maana asiyesoma vizuri atatafakari mawazo yake mwenyewe.

*Kutafakari.* Sasa tunauliza: andiko hili linaniambia nini mimi leo? Si lazima tuhangaike na kila mstari. Neno moja lililotugusa linatosha. Mmoja atasimama kwenye vazi. Kwa maskini wa barabarani, vazi huenda lilikuwa blanketi lake la usiku na mahali pa kupokelea sadaka; ndiyo mali yote aliyokuwa nayo, naye analiacha kabla hajapata kuona. Je, ni vazi gani ninalolishikilia mimi, huku nikisema namwendea Yesu? Mwingine ataguswa na umati: ni mara ngapi nimemnyamazisha mwenye shida kwa kuwa kilio chake kinatuvurugia utaratibu? Mwingine ataona kwamba swali lilelile Yesu aliwauliza Yakobo na Yohane aya chache nyuma (Mk 10:36). Wao waliomba viti vya heshima, kipofu akaomba kuona. Mimi naomba nini?

*Kusali.* Neno limetufikia; sasa tunalijibu. Tumwambie Bwana yaliyomo moyoni kwa lugha yetu ya kawaida: toba, shukrani, ombi, hata lalamiko. Mama ambaye mumewe ameacha kuongea naye hahitaji kutafuta maneno mazuri. Atalia kama Bartimayo, naye Bwana atasimama. Sala inayozaliwa na Neno hutofautiana na orodha ya mahitaji, kwa sababu Mungu ndiye aliyeanza kusema.

*Taamuli.* Hapa maneno hupungua. Tunakaa mbele za Mungu kama mtoto aliyeshiba akiwa mikononi mwa mama yake. Taamuli ni zawadi, hatuwezi kuilazimisha. Kazi yetu ni kubaki pale dakika chache, bila kuharakisha kufunga Biblia, na kumwachia yeye atutazame.

*Kutenda.* Tuondoke na azimio moja dogo linaloweza kufanyika leo au kesho: kumpigia simu ndugu tuliyekosana naye, kurudisha tulichokopa, kumsikiliza mtoto hadi mwisho. Azimio kubwa mno husahaulika kabla ya Dominika.

Katika familia

Wazazi wengi hutuambia hawana muda. Tunawashauri waanze na jioni moja tu ya juma, kwa mfano Jumamosi, baada ya chakula, kwa robo saa. Mtoto mmoja asome Injili ya Dominika inayofuata. Kila mmoja, hata mdogo kabisa, ataje neno lililomgusa, bila kuhubiriwa wala kusahihishwa. Baba au mama afunge kwa sala fupi na kuwabariki watoto kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Familia iliyofanya hivi itaisikiliza homilia kesho yake kwa masikio mengine, na padre ataanza kuulizwa maswali magumu zaidi. Nasi tutayapokea kwa furaha.

Katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo

Mwaka 1976, mkutano wa AMECEA, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, ulitilia mkazo kuzijenga Jumuiya Ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Jumuiya hizo zilikusudiwa kukusanyika kuzunguka Neno. Lakini tukubali ukweli: tumeshuhudia Jumuiya ambazo Injili husomwa haraka, mtu mmoja hutoa maelezo, na muda wote uliobaki huenda kwenye michango, mahudhurio na matangazo. Michango ina nafasi yake, maana Kanisa hujengwa na waamini wenyewe; ila mwamini aliyekuja na kidonda, akaondoka na kadi ya michango tu, atatafuta faraja mahali pengine. Hapa sisi mapadre hatukosi lawama, kwani matangazo mengi hutoka mezani kwetu.

Njia ya hatua saba, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, huisaidia Jumuiya nzima kusali na Neno:

1. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala.
2. Injili inasomwa kwa sauti.
3. Kila mmoja anataja neno au fungu fupi lililomgusa, kwa kulirudia tu, bila maelezo.
4. Wote wanakaa kimya kwa dakika chache.
5. Wanashirikishana kile walichokisikia moyoni, kila mtu akisema kwa niaba yake mwenyewe.
6. Wanaulizana Bwana anawataka watende nini: mgonjwa gani atembelewe, ugomvi gani usuluhishwe, mtoto gani amekosa ada.
7. Wanasali kwa maneno yao wenyewe.

Kiongozi azilinde hasa hatua ya nne na ya tano. Kimya kisikatizwe kwa wimbo kwa sababu tu kinatutia wasiwasi. Na katika kushirikishana, asiwepo wa kumhubiri mwenzake wala wa kumjibu. Mwenyekiti wa Jumuiya na bibi asiyejua kusoma wana haki sawa ya kusema.

Vikwazo vya kawaida

*Kufungua Biblia ovyo kutafuta ishara.* Neno la Mungu si ramli. Tufuate masomo ya siku yanayopangwa na Kanisa, au tusome kitabu kimoja toka mwanzo hadi mwisho, kama Mtakatifu Benedikto alivyoagiza.

*Kusoma kwa ajili ya wengine.* Kishawishi hiki kinatuandama sana sisi mapadre, makatekista na walimu wa dini: tukisoma, mara tunafikiria tutakachowaambia watu. Tujizuie, tuliache Neno lituhoji sisi kwanza.

*Ukavu.* Zipo siku ambazo hakuna kinachotugusa. Tusihame wala tusijilaumu. Tuchague mstari mmoja, tutembee nao siku nzima, shambani, sokoni au kwenye daladala. Mama Bikira Maria aliyaweka mambo moyoni na kuyatafakari, hata yale ambayo hakuyaelewa mara moja (Lk 2:19, 50-51).

*Kujiaminia tafsiri binafsi.* Kama tulichokisikia kinapingana na mafundisho ya Kanisa, au kinatutenga na Sakramenti na upendo kwa jirani, hakikutoka kwa Roho Mtakatifu. Penye shaka, tumwone padre au katekista.

Vifaa vinavyohitajika

Kifaa cha kwanza ni Biblia yenye vitabu vyote 73. Kabla ya kununua, tufungue orodha ya vitabu: tukikosa Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo, basi toleo hilo halina vitabu vya Deuterokanoni. *Biblia Habari Njema* hupatikana pia katika toleo lenye vitabu hivyo. Cha pili ni kalenda ya liturujia au Misale ya Waumini, vinavyotuonyesha masomo ya kila siku. Kwa Dominika, Kanisa hufuata mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Cha tatu ni Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Namba 2705 hadi 2708 zinaeleza tafakari, na zinazofuata zinaeleza taamuli. Cha nne ni daftari la kawaida la shule, ambamo tutaandika tarehe, andiko, neno lililotugusa na azimio letu. Baada ya miezi michache, turudi tulisome. Huko ndiko anayeuliza kama amesimama palepale atakapoona, pengine kwa mshangao, alikopitishwa na Bwana.

Tuanze na Dominika hii

Hatuwaombi waamini waziache ibada zao. Rozari yenyewe ni tafakari ya mafumbo ya Kristo, na adhimisho la Ekaristi Takatifu ndilo kilele, ambapo Neno tulilolitafakari linakuwa Mkate tunaoupokea. Wale wanafunzi wawili wa Emau waliwaka mioyo njiani walipofafanuliwa Maandiko, kisha wakamtambua Bwana katika kuumega mkate (Lk 24:13-35). Mpangilio huo ndio wa kila Misa yetu.

Basi, kabla ya Dominika ijayo, tuisome Injili yake nyumbani walau mara moja, polepole, tukiwa na neno moja la kwenda nalo kanisani. Bartimayo hakujua sala ndefu. Alijua anachokihitaji, akalia, na aliposikia anaitwa, akaliacha vazi na kuinuka.